Kabla shalimo haijafika: tubakishe hata lokomotive moja ya mazutu

Mu Katanga kila mutu anajua bei ya chuma. Mutoto wa miaka kumi anaweza kukuambia nani ananunua mitraye mu kartie yao, wanapima wapi, na shaba inalipa mara ngapi kupita chuma. Elimu hiyo haikutoka ku masomo, ilitoka ku njaa. Kwa hiyo hatushangai tukiona watu wanaangalia kitu chenye kusimama miaka mingi bila kazi kwa jicho la kilo tu. Lakini leo tunataka kusemea kitu kimoja cha namna ile, chenye hakina musemaji: lokomotive za zamani za mazutu.

Juu ya nini leo? Juu saa yao imekaribia. Kila siku tunasikia habari ya korido ya Lobito. Wakubwa wa dunia wanaweka mikono ku makaratasi, shaba ya Kolwezi imeanza tena kushuka kwa treni mpaka bahari ya Angola, na wanatuahidi kama reli ya upande wetu nayo itatengenezwa. Ni habari nzuri. Hakuna muchimbaji wala muke wa muchimbaji atakayeikataa. Mu miaka ya 2010 SNCC ilikwisha kupokea lokomotive mpya kutoka China, na reli ikifufuka kweli, zingine zitahitajika. Lakini siku reli inapyaishwa ndiyo siku depo zinasafishwa. Na kusafisha depo, kwetu, maana yake tunaijua: shalimo, kamyo, mizani, basi.

Musimamo wetu ni huu. Kila aina ya lokomotive ya mazutu yenye ilifanya kazi ku reli yetu, ibakizwe moja. Moja tu, lakini nzima, na namba yake, na plake ya kiwanda chake, na makaratasi yake. Zingine zifuate njia yao.

Mutoto wa katikati

Lokomotive za makala zilikwisha kupata heshima yao. Lubumbashi iko na yake, yenye kusimama karibu na gare, na hakuna mugeni anapita pale bila kupiga picha. Kwa jirani zetu wa Zambia, muze ya reli ya Livingstone imejaa mashini za mvuke. Nairobi ni vile vile. Ni rahisi kupenda mashini ya makala: iko na moshi, iko na firimbi, unaona fimbo zake zikisukuma magurudumu, na hata mutoto anaelewa namna inatembea.

Lokomotive za umeme nazo ziko na wasifu wao, na lokomotive mpya ziko na wanasiasa wa kukata utepe. Ile ya mazutu ni mutoto wa katikati. Kifungua mimba walimusherehekea, kitinda mimba wanamubembeleza, yeye walimutuma kazi. Ukiiangalia kwa inje ni sanduku la chuma lenye rangi ya kubabuka, linanguruma na linanuka mafuta. Haijakuwa ya zamani vya kutosha ili waiite urithi, na haiko mpya vya kutosha ili iendelee kuvuta. Katikati ya miaka ile miwili ndipo mashini nyingi zinapotea, hapa kwetu na mahali pengine pa dunia.

Kazi yenye ilifanya

Tukumbushane. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mu 1918 ikafika Bukama. Mu 1928 ikafika Port-Francqui, yenye tunaita Ilebo, na mu 1931 ikaungana na reli ya Benguela ku mupaka wa Dilolo. Wengi kati ya babu zetu waliletwa ku kazi ya Union Minière na reli ile, kutoka Kasai, kutoka Lomami, na sanduku moja ya mbao na jina lenye kuandikwa mu kitabu cha kontrato.

Mu 1952 Katanga ilifanya jambo kubwa: treni zilianza kuvutwa na umeme kati ya Jadotville, ndiyo Likasi, na Tenke, kwa aina ya kuran yenye Ulaya yenyewe ilikuwa bado inaijaribu. Tuna haki ya kujisifu. Lakini waya hazikufika popote. Upande wa kaskazini zinaishia Kamina. Ukipita pale, ukielekea Ilebo ao ukielekea Kabalo na Kalemie, treni inahitaji mashini yenye kubeba nguvu yake mwenyewe mu tumbo. Pale ndipo wakati wa makala ulipoisha, mazutu ikashika kazi.

Halafu ikaja 1975. Vita ya Angola ikafunga njia ya Lobito. Shaba yetu ikabaki na njia mbili: kushuka kusini kupitia Zambia, ao kufuata njia ya taifa. Njia ya taifa, wazee wanaijua: zaidi ya kilometa 1,500 za reli toka Lubumbashi mpaka Ilebo, halafu mashua ku Kasai na ku mto Congo mpaka Kinshasa, halafu treni tena mpaka Matadi. Kupakia, kupakua, kupakia tena. Mu 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kila tani yenye ilifuata njia ya taifa ilipita mu mikono ya mekanisye wa mazutu kati ya Kamina na Ilebo. Wakati tunahesabu jasho la ile shaba, tunahesabu la muchimbaji, la mutu wa konsantratere, la mutu wa fonderi. Tunasahau la mutu mwenye alikuwa anakaa usiku mu kabini yenye joto, jicho ku reli, sikio ku motere, mu pori yenye hata redio haikusikika muzuri.

Na muchimbaji alikula nini? Unga, mahindi, samaki ya kukauka, sabuni, vitabu vya masomo, dawa za hospitali: sehemu kubwa ilipanda na reli. Mwisho wa mwezi, mama akipima posho jikoni, lokomotive ilikuwa mu sufuria pia.

Tena ukumbusho hauko wa furaha tu. Mu 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Katanga, familia nzima zililala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi wiki na wiki, zikingojea treni ya kurudi mu inchi yenye watoto wao hawajaiona hata siku moja. Wengine walikufa pale pale ku gare, wengine mu njia. Kupita Kamina, treni zile hazikuwa na waya ya kufuata. Mashini haina kosa. Lakini inaweza kuwa mushahidi, na mushahidi hatuuzi kwa kilo. Wenye wanataka tusahau ile saa watafurahi tukikata kila kitu. Wenye wanataka isirudie wanahitaji mahali pa kusimamisha watoto na kuwaambia: angalieni, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Shaba mu tumbo ya mashini

Wachimbaji watatuelewa haraka hapa. Mu lokomotive za namna hii, motere ya mazutu haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jeneratere, jeneratere inatoa kuran, na kuran inashuka ku motere za umeme zenye kufungwa chini, karibu na magurudumu. Yale makamyo makubwa ya karyere, mengi yao yanatumika vile vile. Sasa mu jeneratere na mu motere zile kuna nini? Waya za shaba, kilo juu ya kilo. Shaba inatoka mu udongo kama huu wetu, inapita baharini, inakuwa waya mu viwanda vya wengine, inatuuzwa tena mu umbo la mashini, halafu mashini ile inavuta shaba ingine kuelekea baharini. Ukitaka kufundisha mutoto uchumi wa Congo mu saa moja, mufungulie mulango wa lokomotive ya mazutu.

Lakini shaba ile ile ndiyo inaiua. Lokomotive haifi siku moja. Kwanza inasimama juu ya kukosa piesi moja. Halafu inatoa piesi zake kwa ndugu zake zenye bado zinatembea, na hapa tusiwatukane mafundi: vile ndivyo waliokoa treni miaka mingi bila makuta ya kununua piesi mpya. Halafu, usiku mumoja, waya za shaba zinaenda. Kinabaki ganda. Na ganda hakuna mwenye analilia. Siku shalimo inafika, kazi ya kuua ilikwisha kufanyika zamani.

Wenye kukata wakajuta

Kuna watu watasema: haya mambo ni ya wazungu wenye makuta. Basi tuangalie hao wazungu, juu wao pia walikosea, na kosa lao linaweza kutufundisha bure.

Uingereza lokomotive ya kwanza kubwa ya mazutu, namba 10000, ilitoka mu atelie ya Derby mwishoni mwa 1947. Ndugu yake, 10001, ilifuata mu 1948. Zile mbili zilifungua njia kwa zingine zote. Mu 1968 zote mbili zilikatwa. Hakuna aliyefikiri kubakisha hata moja. Leo kuna chama cha wapenzi wa reli chenye kinachanga makuta, kinatafuta motere ya namna ile ile na magurudumu, ili kuijenga tena toka sifuri. Fikiria: kitu chenye kilikuwa kinasimama, kikitaka rangi na hangari tu, sasa kinagharimu maisha nzima ya watu.

Mu 1959 Waingereza wale wale walijenga lokomotive kumi zenye motere ya Napier, wakaziita Deltic ndogo. Zote kumi zilikatwa. Ilibaki motere. Wapenzi wengine wakachukua motere ile na mwili wa lokomotive ya aina ingine, wakaanza kuufupisha na kuubadilisha ili ufanane na yenye ilipotea. Tunawavulia kofia, lakini ni kazi ya kufufua maiti.

Sasa sikieni hadithi ya tatu, yenye sisi tunaipenda zaidi. Kati ya 1958 na 1959 kiwanda cha Metropolitan-Vickers kilitoa lokomotive 20 za ajabu: upande mumoja magurudumu sita, upande mwingine ine. Motere zao zilitoa moshi mingi na ziliharibika kila mara. Mu miaka kumi hivi zote zilitolewa mu kazi, na hakuna mutu alizililia. Lakini moja, namba D5705, iko mpaka leo. Iliponaje? Haikuwa juu ya uzuri wake. Ofisi ya utafiti ya Derby iliichukua ivute treni ya majaribio, na kisha ikatumiwa kupasha moto mabehewa. Ilipewa kazi, basi. Kazi ile ndogo iliikinga na shalimo mpaka siku wapenzi wa reli walifika kuichukua.

Na Ubelgiji, wenye walijenga reli yetu? Mu miaka ya 1950 kiwanda cha Anglo-Franco-Belge cha La Croyère kilitoa lokomotive za mazutu zenye pua ya muviringo na motere ya Marekani. Watu wao wanaziita « Gros Nez ». Zilipostaafu, chama cha wapenzi wa reli kilibakisha zingine, na mashini za zamani za mazutu zinatembea tena ku njia ndogo ya Bocq, familia zinapanda, watoto wanapungia mukono. Kwao wanabakisha pua kubwa zao. Sisi za kwetu tuzipeleke ku mizani?

« Bana banalala njaa »

Tunajua jibu litakalokuja, juu tunalisikia kila mahali: « Banatuambia mambo ya chuma ya zamani, na shiye tuko na ariere ya mishahara. Ile lokomotive itatulisha? Bana banalala njaa. » Neno hilo ni la kweli na hatulipiti kwa muruko. Mutu mwenye alifanya kazi miaka makumi tatu ku reli, na leo anangojea haki yake, iko na haki ya kuangalia depo na kuuliza: kwa nini wasiuze?

Tunamujibu mambo matatu. Kwanza, hatuombi wasiuze. Tunaomba wabakize moja ya kila aina. Kama kuna kumi za namna moja, tisa ziende, na makuta yake yaonekane wazi, yaandikwe, yafike kwa wenye haki. Pili, muulize huyo mufanyakazi kama makuta ya mitraye yenye ilikwisha kuuzwa yalifika mu mufuko wake. Shida yake haikutoka ku lokomotive yenye kubaki. Tatu, na hili ni kubwa: mufanyakazi mwenye hana alama ya kazi yake ni rahisi kumusahau. Siku lokomotive ya mwisho inakatwa, nani atabaki kushuhudia kama kulikuwa watu wenye waliivuta inchi hii?

Tunasema tena wazi: hatutaki mutu aguse ile dotasyo ya 0.3% yenye Kodi ya Mines ya 2018 inadai ku kompanyi kwa maendeleo ya vijiji na mitaa ya wachimbaji. Zile ni za visima, za masomo, za matibabu. Lokomotive moja chini ya hangari haihitaji utajiri ule.

Kinachoombwa

Jambo la kwanza ni liste. SNCC kwa upande wake, Gécamines na kompanyi zingine zenye zilikuwa na mashini ku reli za viwanda vyao kwa upande wao, watoe liste: namba, aina, kiwanda, mwaka, iko depo gani, imebakia na nini ndani. Liste iwe ya watu wote, isifungiwe mu drawa. Kitu chenye hakiko ku liste kinapotea bila hata mutu kuulizwa.

La pili, kuchagua mapema, kabla motere haijafunguliwa na shaba haijatoka. Ganda tupu si urithi. Yenye kuchaguliwa iandikwe kwa rangi kubwa: HII HAIKATWI, na jina la mukubwa mwenye kuijibia.

La tatu, kuilaza muzuri. Mafundi wetu wanajua kazi hii kupita sisi: kutoa maji yote mu motere na mu radiatere, kutoa batri, kufunika shimo la moshi ili mvua ya Desemba isiingie mu silinda, kutia mafuta na kuzungusha motere kwa mukono mara kwa mara ili isishikane, kufunga magurudumu. Hangari ya mabati, lupango, sentineli. Tena, hatari: mashini za zamani zinaweza kuwa na amiante mu vifuniko vya joto na ku nyaya. Mafundi wenye vifaa ndio waishughulikie, siyo vijana na nyundo. Hilo linawahusu hata wenye kukata: vumbi ile haichagui kati ya muze na mitraye.

La ine, kuipa kazi. D5705 imetufundisha. Kwetu kazi iko tayari: masomo ya ufundi. Vijana wengi wanasoma umeme na mekaniki ku ubao mweusi, bila kugusa jeneratere hata siku moja. Waletwe, wafungue, wapime, wafunge. Mashini yenye wanafunzi wanaigusa kila wiki inapata macho mingi ya kuilinda, na muze yenye watoto wa mutaa wanasomea haiibiwi rahisi.

La tano ni maneno. Mekanisye mwenye alijua kusikia ugonjwa wa motere kwa sikio, mwenye alijua mupando gani kati ya Kamina na Ilebo unataka mchanga ku reli wakati wa mvua, ile elimu haiko mu kitabu. Iko mu kichwa cha muzee, na wazee wanatuacha. Mufano tunao mu mji wetu wenyewe: toka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mu kazi ya « Mémoires de Lubumbashi », kilikusanya maneno na vyombo vya familia za wafanyakazi. Kile kilichofanyika kwa sufuria, baisikeli na picha za mashaaru, kinaweza kufanyika kwa lokomotive na watu wake. Muze ya taifa ya Lubumbashi na chuo wakae meza moja na watu wa reli.

Kwenu, baba na mama wa familia: angalieni mu masanduku. Karne ya kazi, kofia ya reli, taa ya mukono, picha ya baba mbele ya mashini yake, funguo yenye hakuna mwenye anajua inafungua nini. Musitupe. Andikeni nyuma ya picha jina, mahali na mwaka, wakati bado kuna mutu wa kusema. Na kama muzee wa reli iko nyumbani, mukalisheni na watoto jioni moja, wamuulize namba ya lokomotive yake. Mutaona kama aliisahau.

Wakubwa wa reli, tunajua muko na mizigo mingi kupita hii. Lakini amri ya kubakisha lokomotive moja ni karatasi moja tu na sahihi. Shalimo inakata lokomotive mu siku chache. Waingereza wanatumia miaka na miaka kuirudisha, na wao wako na makuta. Sisi hatuna. Kwetu iko njia moja tu yenye tunaweza kulipa: tusikate ya mwisho.